Vaa Kinga, Epuka Moto: Kanuni za Baiskeli na Skuta za Umeme kwa Msomaji wa Nchelenge

Muhula uliopita darasa letu la tafsiri lilipewa zoezi ambalo mwanzoni lilionekana jepesi mno kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Walipewa kurasa mbili za kanuni za usalama kwa waendeshaji wa baiskeli za umeme, pikipiki za umeme na skuta. Kurasa hizo zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya bara, nao walitakiwa kuziandika kwa Kiswahili. Msomaji waliyepewa hakuwa wa Dar es Salaam wala wa Nairobi. Alikuwa mtu wa Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia.

Darasa liligawanyika katika vikundi vitano, na kwa upande wa sarufi vyote vilifanya vizuri. Lakini nilipozisoma kazi zao kwa jicho la mtu wa Nchelenge, niliona kuwa baadhi ya kanuni, kama zingebandikwa katika soko la Kashikishi vile zilivyoandikwa, zingeweza kumvunja mtu mguu au kumtoa roho. Makala haya yanaeleza makosa hayo yalitoka wapi, na kanuni zenyewe zinapaswa kusema nini.

Kwanza nijibu swali ambalo mwanafunzi mmoja aliliuliza siku ya kwanza: kwa nini Kiswahili, wakati Nchelenge ni nchi ya Wabemba na Walunda wa Mwata Kazembe? Ni kweli kwamba Kiswahili si lugha ya shule wala ya ofisi katika Zambia. Lakini ng'ambo ya ziwa iko Kilwa ya Kongo (isichanganywe na Kilwa Kisiwani yetu), na kaskazini zaidi iko Pweto, na huko kote watu huzungumza Kiswahili cha Katanga. Mashua huvuka na samaki, unga, sabuni na watu. Tena, mwaka 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwafanya Wakongo wengi wakimbilie Luapula, na mwaka 2018 likafunguliwa kwa ajili yao makazi ya Mantapala, ndani ya Wilaya ya Nchelenge. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili yuko. Naye, kama jirani yake Mbemba, husafiri na kubeba mizigo kwa baiskeli kuliko kwa chombo kingine chochote. Baiskeli hiyo ikianza kufungwa mota na betri, huyo ndiye atakayehitaji kanuni.

Upande wa barabara

Kosa la kwanza lilikuwa kubwa kuliko yote, na ajabu ni kwamba lilitokana na uaminifu. Kijikaratasi cha Ulaya kilimwambia mwendeshaji ashike upande wa kulia. Vikundi viwili vikaandika: "Endesha upande wa kulia wa barabara." Tafsiri ni sahihi neno kwa neno. Lakini Zambia, kama Tanzania, Kenya na Uganda, hushika kushoto. Mtu akiitii kanuni ile katika barabara ya lami inayotoka Mansa kuja Nchelenge, atakutana uso kwa uso na lori.

Mtu anaweza kudhani kwamba kosa kama hili lingejirekebisha lenyewe, kwani nani asiyejua upande wa barabara wa nchi anayoishi? Hapo ndipo hali ya ziwa hili inapokuwa ya pekee. Kongo hushika kulia. Aliyejifunza kuendesha Kilwa au Pweto ana mazoea ya kulia mwilini mwake, na anaposhuka mashuani Nchelenge hakuna kilometa za barabara za kumzoesha upole upole kama ilivyo kwa dereva wa lori anayepita kituo cha mpaka chenye bango. Anapanda baiskeli ufukoni na kuanza kwenda. Mtu wa namna hiyo, akisoma karatasi ya Kiswahili inayomthibitishia mazoea yake ya zamani, ataamini karatasi.

Kubadili upande kuna matokeo mengine ambayo kijikaratasi hakikuyagusa. Katika nchi ya kushika kushoto, kukata kona kwenda kulia ndiko kunakokatisha mbele ya magari yanayokuja. Aliyezoea Kongo huchukua tahadhari yake yote anapokata kushoto, na hujiachia anapokata kulia. Vilevile mtembea kwa miguu anayefuata kanuni ya kutazamana na magari hutembea upande wa kulia Nchelenge, na upande wa kushoto akiwa Kilwa. Hata kutazama kabla ya kuvuka hubadilika: huku gari la kwanza kukufikia hutoka kulia kwako.

Tulijadiliana namna ya kuiandika kanuni hii isikosewe. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Kigoma alikumbusha kwamba "kulia" asili yake ni mkono wa kulia chakula, akapendekeza iandikwe: "Zambia, endesha upande wa mkono usioutumia kula bukari." Bukari ndilo jina la ugali kule Katanga. Darasa lilicheka, nami nilicheka, lakini sikulifuta pendekezo lake. Mtu huweza kusahau neno, hasahau mkono wake wa kula. Mwishowe tulikubaliana kuandika "kushoto" pamoja na mchoro wa mshale.

"Vaa kinga"

Kosa la pili lilinifurahisha kama mwalimu wa lugha, ingawa si jambo la kufurahia. Kikundi kimoja, kwa kuepuka neno "helmeti" ambalo walihisi ni la kigeni mno, kiliandika kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Vaa kinga ya kichwa wakati wote." Sasa, katika Kiswahili cha Katanga, kinga ni baiskeli. Kwa Kibemba baiskeli ni incinga, na ni dhahiri kuwa maneno haya ni ndugu. Kwa hiyo msomaji wetu wa Mantapala angeambiwa avae baiskeli ya kichwa. Na kanuni iliyofuata, "Kagua kinga yako kila asubuhi," angeielewa vizuri sana, ila angekagua minyororo na magurudumu.

Neno ambalo msomaji huyo anaweza kulitambua ni kaske, kutoka Kifaransa, au maelezo ya wazi: kofia ngumu ya kichwa. Tuliandika yote mawili. Na kwa kuwa nafasi ya karatasi ilikuwapo, tuliongeza sababu, maana watu wazima huitikia sababu kuliko amri. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo haipatikani kwa helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani au isiyofungwa mkanda kidevuni. Ikiisha kupigwa kwa nguvu mara moja, ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu la ndani likibonyea halirudi.

Kuna neno lingine la mtaani kwetu lililozua matatizo. Kikundi kimoja cha vijana wachangamfu kiliandika: "Usibebe mshikaki." Kwa Mtanzania maana ni wazi: usipakie abiria wawili au watatu wakapangana kama nyama kwenye kijiti. Ng'ambo ya Mweru mshikaki ni nyama tu, na kanuni hiyo ingeonekana kuwazuia watu kubeba kitoweo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, husema jambo hilo bila mapambo: mwenye pikipiki abebe abiria mmoja tu, na wavae kofia ngumu na jaketi lenye kuakisi mwanga. Nasi tuliandika "abiria mmoja", basi.

Chombo hiki ni nini?

Baada ya maneno hayo tulifika kwenye jambo ambalo kisheria ndilo zito kuliko yote, nalo pia ni la jina. Kijikaratasi cha Ulaya kilitumia majina matatu kwa vyombo vitatu, na kila jina lilikuwa na sheria yake nyuma. Wanafunzi wengi waliyafunika yote kwa "pikipiki ya umeme". Matokeo yake ni kwamba mwenye baiskeli angejiona anadaiwa leseni, na mwenye pikipiki, akilisikia neno baiskeli mahali fulani, angejiona hadaiwi kitu.

Vyombo vyenyewe hutofautiana hivi. Baiskeli ya umeme ina pedali, na mota humsaidia anayekanyaga. Akiacha kukanyaga, msaada hukoma, na mwendo ukifika kiwango fulani msaada hukoma pia. Pikipiki ya umeme haina pedali za kuiendesha. Ukizungusha mkono inaondoka. Skuta ya kusimamia ni ubao wenye magurudumu mawili madogo na usukani mrefu. Hii ya mwisho isichanganywe na skuta aina ya Vespa tunayoijua tangu zamani, ambayo ikitiwa betri inabaki kuwa pikipiki.

Sheria zetu zenye asili ya Kiingereza hazikujengwa juu ya petroli. Sheria ile ya Kenya hulitazama gari kuwa chombo chochote kinachoendeshwa kwa nguvu ya mashine, isipokuwa vile vya reli. Mota ya umeme ni mashine. Hivyo basi, chini ya maneno ya namna hiyo, hata baiskeli yenye mota ndogo huangukia upande wa magari mpaka itolewe na kanuni maalumu. Uingereza yenyewe ililazimika kuitoa kwa kanuni za mwaka 1983. Ulaya baadaye iliweka mpaka wake: mota isiyozidi wati 250, na msaada unaokoma katika kilometa 25 kwa saa. China, ambako vyombo vingi vya namna hii hutengenezwa, mwaka 2019 ilianza kutumia kiwango kilichotaka kilometa 25 kwa saa, wati 400 na uzito usiozidi kilo 55, na wakati huo pedali zilikuwa lazima.

Ninataja namba hizo kwa sababu zimebandikwa kwenye fremu za baiskeli, na muuzaji huzionyesha kwa kidole akisema, "Hii haihitaji namba wala leseni." Huenda anasema kweli kuhusu Munich. Lebo ya kiwandani haina nguvu ya sheria Nchelenge kwa kuwa tu imebandikwa. Zambia ina Sheria yake ya Usafiri wa Barabarani, Na. 11 ya 2002, ambayo ndiyo iliyounda wakala wa usafiri na usalama barabarani unaojulikana kwa herufi RTSA. Wakala huo ndio unaosajili vyombo na kutoa leseni. Ushauri tulioandika ni huu: pikipiki ya umeme ni pikipiki, na mwenyewe aende na nyaraka zake kama mwenye pikipiki ya petroli, yaani usajili, leseni, bima na kofia ngumu. Mwenye baiskeli ya umeme aulize ofisi ya RTSA kabla ya kulipa, akitaja wati na mwendo, wala asitosheke na neno la dukani. Na anayetaka kuvuka ziwa na pikipiki yake akumbuke kwamba bima ya nyumbani huishia mpakani. Zambia na Kongo zote mbili zimo katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo humlinda mtu wa tatu katika nchi ya pili.

Skuta ya kusimamia nayo ina historia ya kutopatana. Ujerumani iliiruhusu barabarani Juni 2019 kwa mwendo usiozidi kilometa 20 kwa saa. Uingereza haiiruhusu ya mtu binafsi katika barabara za umma. Paris, baada ya wakazi kupiga kura Aprili 2023, iliziondoa zile za kukodisha ilipofika Septemba mwaka huohuo. Kwa barabara za Nchelenge nina maoni yangu, nayo ni ya kifizikia kuliko kisheria. Gurudumu la skuta hiyo lina upana wa sentimeta 20 au 25 hivi, toka upande hadi upande. Shimo ambalo gurudumu la baiskeli ya kawaida huliruka kwa mtikisiko mdogo, gurudumu hilo huzama na kusimama ghafla, na aliyesimama juu yake huendelea na safari peke yake. Katika mchanga wa ufukoni halizunguki kabisa. Asiyeamini ajaribu mahali pasipo na gari.

Kuhusu jina la jumla, Kiswahili cha sheria nchini Tanzania husema "chombo cha moto". Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini humo, kwa hiyo neno hili si la gazetini tu. Wanafunzi waliuliza kama chombo kisicho na moto wowote ndani yake kinaweza kuitwa cha moto. Jibu langu ni kwamba kinaweza. Lakini katika karatasi ya Nchelenge neno hilo halikufaa kwa sababu nyingine, ambayo ndiyo inayofuata.

Moto wa betri

Kijikaratasi kilisema kwamba betri ikianza kuwa na joto lisilo la kawaida, mtu aache kuitumia na aiweke nje mbali na nyumba. Vikundi vitatu viliandika: "Betri ikishika moto, acha kuitumia." Hapa hatari haihitaji maelezo. Aliyeambiwa asubiri moto atasubiri moto. Betri ya lithi hutoa ishara mapema: joto jingi, kuvimba, harufu kali kama ya dawa, mlio wa kufoka. Baada ya hapo mambo hwenda kwa dakika chache. Kuna tofauti ya uhai na kifo kati ya "ikipata joto" na "ikishika moto", na ni tofauti ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapaswi kuikosa.

Zaidi ya hayo, katika Kiswahili cha Kongo moto ni pikipiki pia, kutokana na Kifaransa. "Usiweke betri karibu na moto" huweza kusomwa kuwa isiwekwe karibu na pikipiki, shauri lisilowezekana kulitii. Tuliandika "jiko au mwali".

Sasa kwa nini betri hizi huogopwa kiasi hiki? Moto wa mafuta unazimwa kwa mchanga kwa kuwa mchanga huunyima hewa. Betri ya lithi iliyoharibika hujipa joto yenyewe kwa mmenyuko wa kikemia ndani ya vyumba vyake, na chumba kimoja hukiwasha cha jirani. Mchanga haufiki huko. Kinachosaidia ni maji mengi ya kupoza, kwa muda mrefu, na watu kukaa mbali na moshi wake, ambao ni sumu. Kwa sababu hiyo betri isichajiwe usiku chumbani wanamolala watu, wala mlangoni ambako ndiko njia pekee ya kutokea. Nyumba nyingi za huko zina mlango mmoja. Chaja iwe ile iliyokuja na betri, kwani plagi kuingia si uthibitisho kwamba volti zinalingana.

Umeme wenyewe pia ni wa kuhesabiwa. Mwaka 2024 Zambia ilipatwa na ukame mkubwa, maji ya Kariba yakapungua, na sehemu nyingi za nchi zikawa zinapata umeme kwa saa chache tu kwa siku. Watu hujifunza katika hali hiyo kuacha chaja imechomekwa siku nzima, ili umeme ukirudi usipotee bure. Ni kosa linaloeleweka. Umeme unaporudi ghafla huja na mruko wa volti unaoweza kuiharibu chaja, na kazi hiyo yote hufanyika usiku mtu amelala. Achomoe, achomeke tena umeme ukiisha kutulia, naye akiwa macho.

Njia nyingine ni jua, na hapa hesabu ndogo humsaidia mtu kabla ya kununua. Betri ya baiskeli ya volti 36 na saa-ampea 10 huhifadhi wati-saa 360. Paneli ya wati 100, katika siku nzuri yenye saa tano za jua kali, na baada ya kutoa upotevu, hutoa kama wati-saa 400. Paneli moja, siku moja, baiskeli moja. Betri ya pikipiki ya volti 72 na saa-ampea 40 huhifadhi wati-saa 2,880, ambazo zinataka zaidi kidogo ya paneli saba za namna hiyo. Kati ya paneli na betri lazima kiwepo kidhibiti chaji kinachoifaa betri ya aina hiyo. Anayeunganisha waya moja kwa moja kutoka juu ya bati anaichaji betri kupita kiasi bila kujua. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kampuni ya WeTu ilianza na vituo vya jua vya kuchaji taa za wavuvi, kisha ikaingia kwenye pikipiki za umeme. Huko Wedza, Zimbabwe, trisaiko za umeme ziitwazo Hamba zilianza kutumiwa na wanawake wa vijijini mwaka 2019, nazo hubadilishiwa betri kituoni. Mweru nao una wavuvi wa usiku wanaovua dagaa waitwao chisense kwa taa, hivyo mfano wa Ziwa Victoria si wa mbali.

Liko jambo moja la betri ambalo Ulaya bara hawakulifikiria kabisa, nalo ni mashua. Chombo cha umeme Nchelenge kitavuka maji siku moja. Mashuani kuna injini ya petroli na dumu la petroli, na hakuna pa kukimbilia. Tuliandika kwamba betri itolewe kwenye baiskeli, izimwe, ifungwe pasipoingia maji, ikae mbali na petroli, na isifungwe kwa mafundo yasiyofunguka upesi. Betri ya baiskeli ina kilo mbili au tatu. Ikianza kufoka moshi katikati ya ziwa, aliye karibu naye aitupe majini. Mwanafunzi mmoja alilalamikia uchafuzi wa ziwa, na ana haki. Nilimwuliza kama yumo mashuani au yuko ufukoni.

Yasiyokuwamo katika kijikaratasi

Madereva wa zamani wa pikipiki za petroli ndio walio hatarini zaidi katika siku za kwanza, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kwenye pikipiki ya petroli, mkono wa kushoto hushika klachi. Kwenye nyingi za umeme hakuna klachi, na mkono huohuo wa kushoto ni breki ya nyuma. Mtu akitaka kupunguza mwendo kwa mazoea yake ataubana wote, gurudumu la nyuma litakwama, na mchangani atateleza. Pia pikipiki ya petroli iliyosimama hunguruma, na kila mtu anajua kuwa iko hai. Ya umeme hunyamaza. Mtoto anayecheza na usukani huizungusha kidogo tu, nayo huruka. Kwa hiyo kuna kanuni ambayo mimi ningeiweka ya kwanza kama ningeruhusiwa moja tu: zima na chomoa ufunguo kabla hujashuka.

Ukimya huo una madhara barabarani pia. Magari mapya ya umeme Ulaya hulazimishwa kutoa sauti yakienda polepole, lakini baiskeli na pikipiki hazimo katika sharti hilo. Kijikaratasi kilisema mwendeshaji asipite kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kashikishi, njia hiyo na ukingo wa barabara na sehemu ya kuuzia samaki ni mahali pamoja. Mama aliyeinama juu ya beseni hasikii kitu kinachomjia kwa kilometa 25 kwa saa. Tulifuta kanuni ya njia isiyokuwapo, tukaandika: "Penye soko, shuka usukume. Penye watu, piga kengele kutoka mbali, si ukiwa mgongoni mwao."

Mwendo nao tuliueleza kwa hatua badala ya namba tupu. Mtu anahitaji kama sekunde moja kutambua hatari kabla mkono haujabana breki. Kwa kilometa 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli ya kawaida, muda huo na wa kusimama kwenye lami kavu humla mita 6 hivi. Kwa kilometa 30 humla mita 15. Mwendo umekuwa maradufu, lakini umbali umezidi maradufu, na kwenye changarawe huongezeka tena. Beba gunia la chisense nyuma, na hesabu hiyo haikufai.

Maandishi ya mwisho tuliyoyakubali yalijaza ukurasa mmoja. Yanaanza hivi: "Hapa ni Zambia. Endesha upande wa kushoto, tazama mshale. Vaa kofia ngumu, yaani kaske, na ufunge mkanda. Beba abiria mmoja tu. Usiku washa taa ya mbele na ya nyuma. Penye soko, shuka usukume. Kabla ya kushuka, zima na chomoa ufunguo. Betri ikipata joto kuliko kawaida, ikivimba au ikitoa harufu, itoe nje mara moja, usisubiri mwali."

Neno moja bado linatusumbua. Hatujapata jina la skuta ya kusimamia ambalo mtu wa Kilwa, wa Mantapala na wa Kashikishi wote watalielewa bila picha. "Skuta" hueleweka kuwa pikipiki ndogo, na "kinga ya kusimama" lilipendekezwa na kukataliwa kwa kura nane dhidi ya saba. Msomaji aliyewahi kuishi upande wowote wa Mweru na anayejua linavyoitwa huko anaombwa aiandikie Idara kabla ya kikao cha darasa cha mwezi ujao.